Kusoma Udongo: Otokrosi na Dereva wa Sultan Hamud

Otokrosi ni mashindano ya magari katika njia fupi iliyofungwa, ambapo kila dereva hushindana na saa. Njia yenyewe haizidi kilomita chache. Ina kona za kila namna, sehemu moja au mbili zilizonyooka za kukanyagia mafuta, na mara nyingine tuta la kurukia. Mshindani hupewa zamu chache tu kwa siku, na tofauti kati ya wa kwanza na wa tano inaweza kuwa ndogo kuliko muda wa kufunga mlango wa gari. Nchini Uingereza mchezo huu huchezwa shambani, juu ya nyasi au udongo. Marekani jina hilohilo lina maana ya kupinda katikati ya koni kwenye lami ya uwanja wa kuegeshea magari. Kenya imeshika ule wa udongo, na inafaa kuwa hivyo katika nchi ambayo barabara nyingi za mashambani bado hazijaonja lami.

Mchezo husimamiwa na Shirikisho la Michezo ya Magari Kenya, KMSF, lenye ubingwa wa kitaifa wa otokrosi. Washindani hugawanywa kwa madaraja: watoto wa Bambino na vigari vyao vidogo, magari yanayovutwa na magurudumu mawili yasiyo na turbo, yale yenye turbo, magari yenye turbo yanayovutwa na magurudumu yote manne, na bagi za fremu tupu zisizo na bodi. Viwanja vya Jamhuri mjini Nairobi na Stoni Athi upande wa Machakos vimezoea vumbi hilo. Madereva wengi wa mbio ndefu walijifunzia hapo kwanza, kwa kuwa otokrosi haihitaji msoma ramani, gari la kubebea vipuri wala siku tatu za likizo.

Sultan Hamud ni mji wa Makueni ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na jina lake ni la Sultani Hamud bin Muhammad wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1896 hadi 1902, enzi za kujengwa kwa reli. Sifa yake leo ni malori. Panapo malori pana mafundi: wa kuziba pancha, wa kupinda springi, wa kuchomelea, wa umeme. Kwa dereva anayeanza otokrosi, mafundi hao ni mali kubwa, hata kama hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutazama mashindano. Mali ya pili ni udongo wenyewe, nao unastahili kuelezwa kabla ya gari.

Kuna namna mbili za udongo karibu na mji huo. Upande wa vilima vya Kilungu, udongo ni mwekundu wenye mchanga. Ukikauka hufanya matabaka mawili: juu ni vumbi na changarawe isiyoshikana, chini ni sakafu ngumu inayokaribia saruji. Upande wa tambarare za Kajiado upo udongo mweusi wa mfinyanzi. Huo ukikauka hupasuka nyufa. Ukilowa hugeuka gundi na kujaza meno ya tairi hadi tairi likawa laini kama boga. Katika eneo hili la Ukambani mvua za vuli, za Oktoba hadi Desemba, ndizo za kutegemewa kuliko za masika, kwa hiyo shamba moja linaweza kuwa viwanja viwili tofauti katika mwaka. Mwezi wa Agosti ni vumbi, mwezi wa Novemba ni tope. Gari lililotengenezwa likafaa Agosti halitafaa Novemba bila kuguswa, na hapo ndipo wanaoanza wengi hupotea. Hulaumu injini, nao udongo ndio uliobadilika.

Kuhusu gari, kosa la kawaida ni kuanza na nguvu. Subaru Impreza yenye turbo ni gari zuri, lakini dereva asiyejua kuliongoza atafika kwenye kona upesi zaidi na kuikosa kwa umbali mkubwa zaidi. Gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele, kwa mfano Toyota Starlet au Vitz, linatosha kwa miaka ya mwanzo. Vipuri vyake vinapatikana kila soko, na likiharibika halifilisi nyumba. Hata Probox, punda wa Ukambani anayebeba maembe na abiria pamoja, lina mwili mwepesi na mfumo wa nyuma ulio sahili kwa fundi yeyote. Historia ya nchi iko upande wa wanyenyekevu. Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda Safari Rally akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 ambalo lilikuwa limekwisha kutumika mashindanoni. Alikuwa fundi, akalitengeneza upya. Mwaka 1993 Patrick Njiru aliendesha Subaru Vivio, kigari cha injini ya cc 660, akamaliza Safari na kushinda daraja lake, ilhali dereva mwingine, Colin McRae, aliyekuwa na Vivio pia, hakumaliza.

Kabla ya kufikiria kasi, gari lazima liwe zima. Bushi zilizolika, boli jointi zinazogonga, na beringi za magurudumu zinazocheza hufanya kipimo chochote kiwe cha uongo, kwa kuwa gurudumu huelekea linakotaka katikati ya kona. Fundi anayenyanyua gari kwa jeki, akashika gurudumu juu na chini na kulitikisa, kisha kushoto na kulia, hugundua mengi kwa dakika mbili. Baada ya hapo ni usalama: kiti kilichofungwa barabara, mikanda ya mashindano, helmeti, fremu ya vyuma ndani ya gari, betri iliyokazwa, kizima moto. Wakaguzi huyatazama hayo kabla ya gari kuruhusiwa njiani. Chini ya injini huwekwa bati nene la kukinga sampu, na mchomeleaji wa malori hulitengeneza vizuri kuliko muuza duka.

Tairi ndilo lenye neno la mwisho. Sehemu inayogusa ardhi kwa kila gurudumu haizidi sana kiganja cha mkono, na kila amri ya usukani, breki na mafuta hupitia hapo. Juu ya changarawe iliyolegea, tairi pana huelea. Tairi jembamba huichimba changarawe na kuifikia sakafu ngumu. Ndiyo maana magari mengi ya udongo huvaa matairi membamba kuliko yale ya lami. Kwenye tope jeusi kinachotakiwa ni meno yaliyoachana, ili tairi lijisafishe linapozunguka. Lakini kununua seti tatu za matairi si jambo la mwanzo. Seti moja yenye meno mazuri, yaliyolika sawasawa, inamfundisha dereva zaidi ya seti tatu anazobadilisha bila kuzifahamu.

Upepo wa tairi ni marekebisho ya bure, na pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Mahali pa kuanzia ni kibandiko cha mlangoni mwa dereva, ambacho kwa magari mengi madogo huonyesha upepo wa paundi 30 hivi kwa inchi ya mraba. Kutoka hapo dereva hushusha paundi 2 kwa wakati mmoja, anaendesha, anapima muda, anasikiliza gari. Tairi lenye upepo mdogo hulala zaidi juu ya ardhi na kushika vizuri, lakini likizidi kulegea hukunjika ubavu kwenye kona, huchanwa na mawe, na mwisho huchomoka kwenye rimu. Vumbi lenyewe husaidia kupima: baada ya mzunguko, mstari unaotenganisha vumbi na sehemu iliyosuguliwa ubavuni huonyesha tairi lililala hadi wapi. Mstari ukikaribia rimu, upepo umepungua mno. Upepo hupimwa tairi likiwa baridi, asubuhi, kivulini, kwa geji ileile kila siku. Tairi likipata joto upepo hupanda kwa takriban paundi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za Selsiasi, na jua la Makueni peke yake linatosha kupandisha upepo wa upande mmoja wa gari kuliko mwingine.

Baada ya tairi zinafuata springi na shokabu. Hapa desturi za lami hudanganya. Kijana aliyezoea kuona magari yaliyoshushwa na kukazwa Nairobi hudhani kwamba gari gumu ndilo la mashindano. Juu ya mashimo, springi ngumu hurusha gurudumu hewani, na gurudumu lililo hewani halikati kona wala halifungi breki. Gari la udongo linahitaji springi zenye mwendo mrefu, na shokabu zenye nguvu ya kutosha kulizuia lisiendelee kudunda baada ya tuta. Shokabu iliyochoka inajulikana: gari hupita tuta, likanesa mara tatu au nne. Kuinua gari kidogo kunasaidia lisisuguane na mawe. Kuliinua kupita kiasi hupandisha uzito juu na kulifanya liegemee upande kwenye kila kona.

Gari lina tabia mbili mbaya ambazo dereva lazima azitofautishe. Kwanza, usukani umekatwa lakini pua inaendelea kwenda mbele, kama ng'ombe aliyekataa kamba. Pili, mkia unatoka na kutaka kuipita pua. Magari ya kuvutwa mbele kwa kawaida yana tabia ya kwanza. Fundi anaweza kuipunguza kwa kukaza sehemu ya nyuma kidogo, kwa kuongeza upepo wa matairi ya nyuma paundi 2 au 3 kuliko ya mbele, au kwa kufungua ncha za magurudumu ya mbele zielekee nje kwa milimita moja au mbili anapopanga magurudumu. Lakini mara nyingi, na hili ni gumu kukubalika, gari halina kosa. Dereva ameingia kwenye kona kwa kasi kubwa mno, na hakuna springi itakayotibu hilo.

Breki hazihitaji makubwa: pedi nzuri, na maji ya breki mapya, kwa sababu maji ya zamani hunyonya unyevu wa hewa, huchemka mapema, na pedali ikashuka hadi sakafuni. Kichungi cha hewa ni jambo jingine kabisa. Katika vumbi la Agosti huziba kwa siku moja, na vumbi likipenya ndani ya injini hula silinda polepole bila kelele. Kukikung'uta hakutoshi, hubadilishwa au huoshwa kulingana na aina yake. Rejeta nayo huoshwa kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje, ili nyasi na mbegu zilizonasa zitoke zilikoingilia. Injini isiyo na turbo hupumua vizuri zaidi Sultan Hamud kuliko Nairobi, iliyo juu zaidi kwa mita mia kadhaa. Dereva anayelisifu gari lake kwa mazoezi ya nyumbani hukuta limepungua nguvu Jamhuri, na hakuna mtu aliyeliroga.

Mazoezi hayafanywi barabarani. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, haina nafasi ya mashindano kwenye barabara ya umma bila kibali, na Barabara ya Mombasa ina misiba yake ya kutosha. Kinachotakiwa ni kiwanja kilichofungwa, ruhusa ya mwenye shamba, mtu wa kuzuia watoto na mbuzi, kizima moto, na gari jingine la kukimbilia hospitali. Matairi chakavu yaliyopakwa chokaa hufanya kazi ya koni.

Zoezi la kwanza ni duara la nusu kipenyo cha mita 15 hivi. Dereva hulizunguka kwa kasi isiyobadilika, anaongeza mafuta kidogokidogo mpaka pua ianze kusukumwa nje, kisha anainua mguu polepole na kuiona pua ikirudi ndani. Hapo anajifunza jambo ambalo vitabu hulieleza kwa kurasa nyingi: uzito wa gari unahama. Mafuta hurudisha uzito nyuma, breki huupeleka mbele, na tairi lenye uzito juu yake ndilo linaloshika. Kwenye gari la kuvutwa mbele, kuinua mguu kidogo mlangoni mwa kona huipa pua uzito na mkia wepesi, gari likageuka lenyewe. Zoezi la pili ni kupinda kati ya matairi matano au sita yaliyopangwa kwa umbali wa mita 15 hadi 20. Jicho halitazami tairi lililo mbele ya boneti. Linatazama la pili au la tatu, kwa kuwa mikono hufuata macho. La tatu ni kufunga breki kutoka kasi ileile hadi kusimama ndani ya mraba, tena na tena, mpaka mguu ujue wapi gurudumu linaanza kuserereka. Hendibreki huachwa mwisho. Inafaa kona kali mno peke yake, na anayeipenda mapema huitumia kuficha uvivu wa breki ya mguu.

Saa ya simu inatosha kupima, mradi itumiwe kwa uaminifu. Tuseme dereva amezunguka njia ya mazoezi mara tano akapata sekunde 62, 60, 61.5, 60.5 na 61. Tofauti kati ya mzunguko wake bora na mbaya ni sekunde 2. Akibadilisha upepo wa tairi akapata 60.2, hajathibitisha lolote, maana muda huo umo ndani ya kubahatisha kwake kwa kawaida. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kupunguza pengo hilo: mizunguko mitano ikutane ndani ya nusu sekunde. Baada ya hapo ndipo marekebisho yanaweza kusemwa kwamba yamesaidia au yameharibu, na hubadilishwa kitu kimoja tu kwa wakati. Anayebadilisha upepo, shokabu na kichungi mchana mmoja hatajua kipi kilimpa muda na kipi kilimnyang'anya. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa gari husafiri karibu mita 17 kwa sekunde. Sehemu moja ya kumi ya sekunde ni mita 1.7, karibu nusu ya urefu wa Vitz. Sekunde mbili za kubahatisha ni magari tisa yamepangwa foleni.

Siku ya mashindano huanza kwa miguu. Njia hutembewa angalau mara mbili: mara moja ikifuatwa katikati yake, mara nyingine dereva akitembea palepale magurudumu yatakapopita. Anatazama jiwe lililojificha kwenye nyasi, miiba ya migunga, sehemu iliyomwagiwa maji na bauza ili kutuliza vumbi, na mahali ambapo kona inajikaza kuelekea mwisho. Katika udongo mwekundu magari ya kwanza hufagia changarawe na kuacha mifuo miwili migumu. Wanaofuata hupata mshiko mzuri zaidi ndani ya mifuo hiyo na mbaya zaidi nje yake. Dereva anayeanza zamu mapema asikate tamaa kwa muda wake, na anayechelewa asijisifu upesi. Mchana, mifuo ikizidi kuchimbika, mambo hugeuka tena: sampu huanza kugonga, na mstari wa nje wenye changarawe unakuwa afadhali.

Kona huingiwa kutoka upana wa nje, breki zikamalizika gari likiwa bado limenyooka, na ncha ya ndani hugusiwa kwa kuchelewa, ili gari liwe limekwisha kunyooka wakati wa kukanyaga mafuta. Kati ya kona zote, ya kuheshimiwa zaidi ni ile inayotangulia sehemu iliyonyooka. Kilomita 5 kwa saa za ziada katika kutoka kwake hubebwa hadi breki inayofuata; zile za kuingilia hupotea papo hapo. Mrusho mrefu wa mkia huleta makofi kutoka kwa watazamaji na sekunde kwenye karatasi ya wapima muda. Zamu ya kwanza huendeshwa kwa kujizuia kidogo, kwa sababu udongo wa siku hiyo bado haujajulikana, na koni iliyogongwa huongezewa adhabu ya sekunde inayofuta kila ujanja. Kati ya zamu, upepo hupimwa tena, nati za magurudumu hukazwa, na maneno mawili matatu huandikwa daftarini: hali ya udongo, upepo, muda, kona iliyokosewa. Daftari la msimu mmoja lina thamani kuliko shokabu mpya.

Mashindano yakiisha, gari linaloendeshwa kurudi nyumbani kwa magurudumu yake halijawa tayari kwa lami. Upepo ulioshushwa kwa ajili ya changarawe hufanya tairi lichemke kwenye mwendo mrefu wa Barabara ya Mombasa, na tairi lililochemka hupasuka. Upepo hurudishwa kwenye kipimo cha kibandiko kabla ya kutoka uwanjani. Mawe yaliyonasa kwenye meno hutolewa kwa bisibisi, ubavu wa ndani wa kila tairi hukaguliwa kwa tochi, bati la sampu huangaliwa kama limelegea, na taa hupanguswa vumbi, kwa kuwa kufikia mji wa Salama giza huwa limeingia na malori yameanza kupanga foleni.